Maswali ya Wasomaji: Nta ya Majani na Mvua ya Kale

Nimetoa nta ya majani kwenye tope la ziwa ili nipime haidrojeni nzito (deuteri), inayobeba alama ya mvua ya kale. Lakini kwenye kromatogramu (mchoro unaoonyesha kila kampaundi kama kilele), alkani, yaani minyororo ya kaboni na haidrojeni tupu, za C28, C29, C30 na C31 (namba ni idadi ya kaboni) zina vilele vinavyokaribiana urefu. Niendelee? – Mwanafunzi, Dodoma

Simama kwanza. Mimea ya nchi kavu hutengeneza zaidi alkani zenye kaboni za idadi witiri, hasa C29 na C31. Jumlisha witiri ugawe kwa shufwa: nta safi ya majani kwa kawaida huvuka 5, mafuta ya petroli (ya ardhini) hukaa karibu na 1. Na kama mstari wa chini wa kromatogramu umevimba kama kilima, basi ni mafuta hayo.

Yametoka wapi? Pitisha viyeyushi vitupu katika hatua zote, bila tope: diklorometani na methanoli (9 kwa 1), kisha heksani kwenye silika. Vilele vikijitokeza, mchafuzi yuko maabara, mara nyingi plastiki au losheni ya mikono. Vyombo vya kioo na karatasi ya aluminiamu vichomwe nyuzi 450 kwa saa kadhaa. Kuosha kwa sabuni hakutoshi.

Kama jaribio tupu ni safi, tope lenyewe ndilo lenye petroli. Hamia kwenye asidi ya mafuta ya C28, sehemu nyingine ya nta, ambayo petroli haina ya kutosha kukuharibia. Utaibadilisha kuwa esta kwa methanoli, na hapo wengi husahau hesabu: kati ya haidrojeni 58 za esta hiyo, 3 zimetoka kwenye methanoli. Kama esta ni –120 kwa elfu (tofauti ya haidrojeni nzito na maji ya rejea) na methanoli ni –180, asidi ni (58 × –120 + 3 × 180) ÷ 55, yaani takriban –117. Kwa hiyo pima methanoli yako, usikisie.

Thamani ya haidrojeni nzito ya nta ikishuka kutoka –100 hadi –120, mvua iliongezeka milimita ngapi? – Msomaji, Kigoma

Nta haitoi milimita. Katika tropiki, mvua inapokuwa nyingi, haidrojeni nzito ndani yake hupungua, hivyo kushuka huashiria unyevu zaidi. Kwa njia hiyo Jessica Tierney na wenzake walifuatilia miaka 60,000 ya Ziwa Tanganyika, kazi iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2008. Lakini chanzo cha mvuke kikihama, tuseme kati ya Bahari ya Hindi na upande wa Kongo, namba nayo huhama. Mimea pia huchangia: nta ya nyasi huwa chini zaidi ya maji ya mvua kuliko ya miti. Pima kaboni nzito (kaboni-13) ya alkani zilezile: miti huwa karibu –35 kwa elfu, nyasi za savana karibu –21. Kaboni ikitulia wakati haidrojeni inashuka, maelezo ya mvua yanapata nguvu.

Na usidai badiliko la miaka kumi. Nta hukaa kwenye udongo, pengine karne nyingi, kabla mito haijaifikisha ziwani.