Maswali ya Wasomaji: Shilingi 23,500 za Klabu Zimekwenda Wapi?

SWALI: Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Tabora, na tangu mwaka huu wa masomo uanze ni mweka hazina wa klabu yetu ya historia. Tunapanga kwenda Kigoma kwa treni ili tukaone Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Wanachama 38 wamelipa ada ya shilingi 5,000 kila mmoja, na kati yao 27 wametoa 40,000 za safari. Wengi walinitumia kwenye laini yangu ya simu, wachache wakanipa mkononi. Nimelipia bango 22,000, nakala za matangazo 12,000, na mwenyekiti nilimpa 60,000 aende Kigoma kuulizia malazi. Juzi nilipohesabu zote, za kwenye simu na za mkononi, nilikuta 1,152,500. Zinapungua 23,500 na mkutano ni wiki ijayo. Sijala hata senti. Rafiki yangu ananishauri nijazie kutoka kwenye fedha zangu za kujikimu ili mambo yaishe. Nifanyeje?
Mweka hazina, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako nimeirudia na ni sahihi. Ada ni 190,000, michango ya safari ni 1,080,000, jumla 1,270,000. Ukiondoa 94,000 ulizolipa zilipaswa kubaki 1,176,000. Upungufu upo. Hata hivyo, ushauri wa rafiki yako uache, kwa sababu ukijazia kimya kimya utakuwa na daftari linalosoma vizuri lakini linasema uongo, na siku utakapogundua mahali fedha zilipopotelea hutakuwa na namna ya kuzirudisha kwako bila kuonekana unajichotea.

Kabla ya kumshuku mtu yeyote, shuku kalamu. Wahasibu wana kipimo cha zamani: upungufu unaogawanyika kwa 9 bila kubaki kitu huenda umetokana na tarakimu mbili zilizopishana, kama mtu aliyeandika 54,000 mahali pa 45,000, ambapo tofauti ni 9,000. Upungufu wako haugawanyiki hivyo. Kipimo cha pili ni kuugawa kwa mbili, kwa kuwa kiasi kilichoandikwa upande usio wake hupotosha hesabu mara mbili. Nusu yake ni 11,750, na sioni malipo yoyote ya kiasi hicho katika barua yako. Kwa hiyo ninaamini kosa haliko kwenye kujumlisha; liko kwenye mambo ambayo hayakuandikwa kabisa.

Hapo ndipo laini yako inapoingia. Umesema wengi walikutumia kwa simu, lakini hukusema kama walituma na ya kutolea. Mwanachama anayetuma 40,000 kamili anajiona amemaliza deni lake, na kwa kweli amelimaliza, lakini siku unapokwenda kwa wakala kuzitoa, makato yanatoka kwenye salio la klabu wala hayaonekani katika daftari. Hukumbuki ulitoa mara ngapi, si kweli? Omba taarifa ya miamala ya miezi yote uliyokusanya, kaa mezani na katibu, kisha mpitie ujumbe mmoja baada ya mwingine mkiwa na kalamu ya wino. Kila fedha iliyoingia iandikieni jina la mwanachama, na kila iliyotoka iandikieni sababu yake. Makato yaandikwe kama matumizi, kila moja na tarehe yake, maana makato ni matumizi halali kama lile bango.

Katika kupitia huko utakutana na miamala ambayo si ya klabu. Muda wa maongezi ulionunua usiku mmoja, elfu tano uliyomtumia mdogo wako ukisema utairudisha kesho. Usione haya kuiweka alama. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtunza fedha wa chama cha wanafunzi shuleni, nilihifadhi za chama ndani ya tranka langu, kwenye bahasha iliyokaa jirani na bahasha yangu. Likizo ilipofika nilikopa nauli kutoka ile isiyo yangu, nikarudisha nusu, nikanunua daftari la chama kwa fedha zangu, na ilipofika Juni sikujua tena kama chama kinanidai au ninakidai. Sikuiba, lakini nisingeweza kumthibitishia mtu hilo. Kwa hiyo kinachobainika kuwa ulikitumia wewe, kilipe kabla ya mkutano na ukiandike wazi: "Mweka hazina amerejesha," kiasi na tarehe.

Kama baada ya yote hayo kuna kiasi kisichoelezeka, hata kama ni 3,000, kipeleke mkutanoni kwa jina lake, yaani upungufu usioelezeka, ili wanachama waamue na uamuzi uingie katika muhtasari. Mwone kwanza mlezi wa klabu umweleze, asije akasikia ukumbini pamoja na wengine. Wanachama hulalamika kwa siku moja juu ya upungufu uliotangazwa. Uliofichwa husemwa mpaka mahafali.

Sasa nina shaka na kitu kingine ambacho hukuniuliza. Zile 60,000 za mwenyekiti umeziandika kama matumizi, nami nasema bado si matumizi. Ni masurufu: fedha aliyokabidhiwa mtu kwa kazi maalumu, ambaye anabaki kuwa mdaiwa wa klabu mpaka alete hesabu na chenji. Ninajua atakachosema, kwamba bodaboda hatoi risiti wala mama ntilie hana mashine. Ni kweli, lakini hilo halimzuii kuandika. Mpe hati ya malipo, hata ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari, yenye tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kazi iliyofanyika, jina la aliyelipwa na sahihi yake au alama ya kidole. Mahali penye mashine ya risiti za kielektroniki aidai risiti, kwa kuwa kuitoa ni wajibu wa mfanyabiashara huyo na kuidai ni wajibu wa mnunuzi. Jambo nisilolivumilia ni kile kitabu cha stakabadhi cha dukani ambacho kamati hukinunua jioni na kukijaza yenyewe kwa mwandiko mmoja na wino mmoja, kuanzia nauli mpaka chai. Mkaguzi hahitaji miwani kukitambua.

Vilevile tenganisha ada na safari, kila moja na safu yake katika daftari. Ada ni ya klabu, na mkutano unaweza kuipangia bango. Fedha za safari ni amana ya watu 27, na mmoja wao akiugua kabla ya tiketi kukatwa atazidai kwa haki, kwa hiyo hazipaswi kugusa nakala za matangazo. Na kama bajeti ya treni itawazidi, kumbukeni kwamba Livingstone na Stanley walikuja pamoja hadi Kwihara mwaka 1872, hapo jirani yenu, mahali mnapofika kwa bodaboda. Nusu ya kisa hicho mnayo nyumbani.

Baada ya mkutano, fungueni akaunti ya klabu benki. Kwa kawaida mtaombwa katiba, muhtasari wa kikao kilichowateua watia sahihi, barua ya chuo na vitambulisho. Wekeni watia sahihi watatu, na fedha zitoke kwa sahihi za wawili kati yao. Mkononi ubaki na kiasi kidogo kilichoamuliwa na kikao, mahususi kwa kalamu na maji ya kunywa tu.

SWALI: Sisi ni chama cha wasichana wanafunzi, Kigoma. Ili tupate mfuko tulinunua dagaa pale mwaloni kwa 120,000, tukawafunga kwenye mifuko na kuwauza chuoni na kwa wageni. Tumepata 165,000. Kamati inataka kuzitumia zote kwa sherehe ya kuwaaga wa mwaka wa tatu, lakini mhazini amegoma. Nani ana haki?
Mjumbe wa kamati, Kigoma

JIBU: Mhazini wenu ana haki, na mpeni soda siku ya sherehe. Mkizila zote 165,000 mtakuwa mmekula na mtaji, na muhula ujao hamtakuwa na cha kurudia nacho mwaloni. Faida ghafi ni 45,000. Humo toeni bei ya mifuko, nauli ya kubeba mzigo na moto wa kufungia mifuko hiyo kama mliulipia. Tuseme vyote vimefika 15,000, basi faida yenu ni 30,000 na sherehe iwe ya 30,000.

Kuna dagaa wengine ambao barua yako imewanyamazia. Katika biashara za namna hii sijawahi kuona mzigo ulioishia wote kwa wateja. Kuna mifuko iliyokwenda bwenini kwa mkopo, na kuna ile ambayo kamati iliionja. Mhazini ahesabu mifuko iliyofungwa, iliyouzwa na iliyobaki. Tofauti ikitokea, aliyechukua aandikwe jina na bei. Nawashauri pia msiwakopeshe wanachama kutoka mfuko huu, labda katiba yenu iwe imeruhusu na kutaja kiwango na muda wa kurejesha. Chama cha wanafunzi si kikoba, na mkopaji akimaliza chuo mwezi wa saba hamtamfuata kwao.

SWALI: Mtihani wa mwisho unakaribia na mhazini mpya amechaguliwa. Nimkabidhi nini, na ile laini ya simu tuliyokuwa tukikusanyia michango, nimpe?
Mhazini anayeondoka, Tabora

JIBU: Mkabidhiane mbele ya mlezi au katibu. Hesabuni fedha za mkononi kwa sauti, noti kwa noti, mlinganishe na salio la daftari, kisha mpige mstari chini ya salio na wote wawili mtie sahihi na tarehe. Mpe madaftari, stakabadhi zilizotumika na zisizotumika zikiwa zimeorodheshwa kwa namba, hati za malipo, na orodha ya wanaodaiwa. Benki nendeni pamoja mkiwa na muhtasari wa uchaguzi ili jina lako liondolewe, maana wengi huliacha hapo na miaka miwili baadaye hutafutwa kazini kwao waje kutia sahihi ya klabu waliyokwisha kuisahau.

Laini usimpe. Imesajiliwa kwa kitambulisho chako na alama ya kidole chako, na lolote litakalofanywa nayo litakuja kwako. Mtumie salio lote kwenye laini au akaunti ambayo kikao kimeikubali, mwonyeshe ujumbe wa muamala, na makato ya kutuma huko yaandike katika daftari, uwe mstari wako wa mwisho.