"Siku Zako Zikoje?"

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: mwanamke anayekoma hedhi anahitaji msaada gani, na autafute kwa nani? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, nina miaka 53, na jibu langu ni kwamba kabla ya dawa na kabla ya kupewa pole, anahitaji mtu wa kumuuliza swali ambalo mimi sikuulizwa kwa karibu mwaka mzima.

Nilipokuwa na miaka 48 nilianza kuamka usiku nimeloa jasho, kanga ya kujifunika ikikamulika, moyo ukinienda mbio, na asubuhi viungo vikiniuma. Kwa mtu wa pwani dalili hizo zina jina moja tu. Nilikunywa dawa ya mseto mara tatu, mbili kati ya hizo bila kupima, na kosa hilo ni langu. Mara ya tatu kipimo kilionyesha kuwa sina malaria, nikapewa dawa hivyo hivyo. Wakati huo siku zangu zilikuwa zikija kwa kurukaruka, mwezi huu nzito kupita kiasi, miwili inayofuata hazionekani, nami sikuyahusisha mambo hayo mawili. Mkunga mmoja mstaafu, tuliyeketi naye msibani, ndiye aliyeniona nikijipepea kwa ncha ya ushungi ilhali wenzangu wametulia, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mdogo wangu, siku zako zikoje?"

Alinieleza kwamba katika umri huo ovari hupunguza homoni ya estrojeni, tena si kwa mteremko ulionyooka bali kwa kupanda na kushuka, na hapo ndipo sehemu ya ubongo inayoratibu joto la mwili inapovurugika, mwili ukatoa jasho hata penye baridi. Mpito huo huweza kuchukua miaka kadhaa. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma inapotimia miezi 12 mfululizo bila damu, na kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya miaka 45 na 55. Kabla ya hapo mimba bado inawezekana. Hata hivyo hakuniambia niache kupima, kwa sababu jasho la usiku laweza pia kuwa dalili ya kifua kikuu, hivyo alinihimiza niende hospitali. (Nilipovunja ungo, somo wangu alinifundisha kila kitu, hadi namna ya kukunja kitambaa, lakini kuhusu mwisho wa hedhi hakusema neno, pengine kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa hajafika huko.)

La mume lilikuwa gumu zaidi. Ukavu ukeni hulifanya tendo la ndoa kuwa maumivu, na mwenzangu, kwa jinsi nilivyokuwa nikimkwepa, alikwisha kuamini kwamba nimemchoka. Daktari aliniandikia krimu ya estrojeni ya kupaka, nayo ilisaidia, lakini kilichotuliza nyumba ni kwamba nilimwomba mume wangu tuingie pamoja kwa daktari, akayasikia maelezo kwa masikio yake. Homoni za kumeza ni shauri jingine: aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu kwa kawaida hapewi, na mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, bali pamoja na homoni nyingine ya kuulinda ukuta wa mji wa mimba.

Msaada wa kudumu nimeupata kwenye kikoba chetu, ambako baada ya kuhesabu hisa huwa tunabaki kuzungumza. Siku moja mwenzetu, ambaye hedhi yake ilikuwa imekoma miaka miwili nyuma, alitutania kwamba ujana umemrudia, maana ameona damu tena. Wengine walicheka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuonywa kwamba damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, hata iwe tone, lazima ichunguzwe, kwani yaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya kizazi chenyewe. Tulitoa nauli kwenye mfuko wa jamii papo hapo, na Jumatatu wawili wetu tukamsindikiza. Alikutwa na kinyama ndani ya kizazi, kikatolewa na kupimwa, na hakikuwa saratani.