Kutafuta mtoto ukiwa na PCOS: kwanza yai lipevuke

Wiki iliyopita niliandikiwa ujumbe na dada mmoja anayeishi Sakina, Arusha. Aliniamkia kwa heshima, akaambatisha picha ya majibu ya utrasaundi pamoja na orodha ya dawa alizokwisha kutumia, kisha akauliza jambo moja tu: "Dada, wewe ulitumia dawa gani mpaka ukapata mtoto?" Tangu nilipotangaza hapa kwamba nimejifungua binti, maswali ya namna hiyo hayakatiki. Sitamjibu kwa kumtajia jina la dawa peke yake, kwa sababu kupokea majina ya dawa bila kujua kila moja inafanya kazi gani ndiko kulikomfikisha kwenye orodha ile ndefu. Nitamjibu kwa kirefu, na kupitia kwake niwajibu wengine wote mnaotafuta mtoto mkiwa na PCOS, yaani ule uvurugikaji wa homoni unaoyakwamisha mayai kwenye ovari, maana mnachokitaka ninyi ndicho nilichokitaka mimi usiku na mchana.

Niliolewa hapa Moshi, na mume mtu wa Kibosho, nikiwa nimeshazoea hedhi isiyo na ratiba tangu nilipokuwa sekondari. Iliweza kupotea miezi mitatu, ikarudi kwa wingi wa kunilaza kitandani, kisha ikapotea tena. Nilikuwa na chunusi ambazo shangazi zangu walisema zitaisha nikizaa, na ndevu chache za kidevuni ambazo nilizinyofoa kwa kibanio kila asubuhi kabla ya kutoka nyumbani. Hakuna mtu, si wa nyumbani wala wa zahanati, aliyewahi kuyaona mambo hayo matatu kuwa ni jambo moja. Nilikuja kulijua hilo baada ya ndoa, wakati ambapo tumbo langu lilikuwa limekwisha kuwa mazungumzo ya watu.

Wanaoujua Uchaga wanajua Desemba ilivyo. Ukoo mzima hupanda nyumbani mlimani, watoto waliozaliwa mwaka huo hupelekwa kwa babu na bibi wakaonwe, na mwanamke asiye na mtoto wa kuonyesha huangaliwa tumbo kabla ya kusalimiwa. Desemba mojawapo wifi yangu mkubwa aliwakusanya wake wa ukoo sebuleni, kila mmoja na mtoto wake mapajani, akaniambia mimi nikawasaidie wasichana kumenya ndizi za mtori nyuma ya nyumba, kwa kuwa mazungumzo ya uzazi nisingeyaelewa. Nilikaa kwenye kigoda katikati ya mabinti wa kidato cha pili, nikamenya mpaka utomvu ukanigandia vidoleni na kugeuka mweusi. Aliyewahi kumenya ndizi mbichi bila kujipaka mafuta anajua kwamba weusi ule hautoki kwa sabuni siku hiyo wala kesho yake. Mama mkwe alipita, akaona, akaendelea na shughuli zake. Wifi nimemsamehe, ila sijasahau, na ninalisema hapa kwa sababu najua wengi wenu mna wifi kama huyo na hamna pa kulisemea.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, maana usipouelewa utauziwa kila kitu. Kwa mwanamke ambaye homoni zake zinakwenda sawa, kila mwezi vifuko kadhaa vya mayai huanza kukua ndani ya ovari, kimoja kikavitangulia vingine, kikakomaa, kikapasuka na kuliachia yai. Kwetu sisi vinaanza kukua vingi, lakini vinasimama njiani vikiwa na milimita chache tu. Ndivyo vile vidoa vyeusi vinavyoonekana kwenye utrasaundi vikiwa vimejipanga pembezoni mwa ovari, ambavyo watu huviita uvimbe na kuvitafutia dawa ya kuuyeyusha. Hakuna cha kuyeyusha pale, kwa kuwa ni vifuko vya mayai yaliyokwama. Vinakwama kwa sababu homoni zimevurugika na zile za kiume zimezidi, na kwa wengi wetu nyuma yake ipo insulini, homoni inayoiongoza sukari mwilini: mwili hauitikii insulini ipasavyo, kongosho linaongeza kuitengeneza, na wingi huo wa insulini unazichochea ovari kutoa homoni za kiume zaidi. Ndiyo maana ndevu za kidevuni, hedhi iliyopotea na mimba isiyoingia vinatoka kwenye shina moja. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba tatizo hili linawapata kati ya asilimia 8 na 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajajua kuwa wanalo.

Kwa hiyo swali ambalo ningependa kila mmoja wenu alishike, na aliulize bila aibu mbele ya yeyote anayemwandikia au kumuuzia dawa, ni hili: kitu hiki kinalisaidiaje yai langu kupevuka?

Kabla sijafika kwa daktari aliyenisaidia, nilihudumiwa kwenye kituo kimoja cha binafsi ambacho sitakitaja. Nilipewa vidonge vya homoni, nikaanza kuona siku zangu kila mwezi bila kukosa, nikaambiwa mambo yamekaa sawa na niendelee kujaribu. Vilikuwa vidonge vilevile vya uzazi wa mpango. Vidonge hivyo vina kazi yake muhimu kwa mwenye PCOS ambaye hatafuti mtoto kwa wakati huo, kwa sababu kukaa muda mrefu bila hedhi, hasa zaidi ya miezi mitatu, kunaufanya ukuta wa ndani wa kizazi unenepe, na miaka ikipita hatari ya saratani ya ukuta huo inaongezeka. Lakini mwanamke anapovimeza, yai halipevuki, na ndivyo vinavyozuia mimba. Nilikuwa natafuta mtoto huku nikilipia dawa ya kuzuia mtoto, na hakuna aliyeona vibaya kuninyamazia. Hilo bado linaniuma kuliko ndizi za Kibosho.

Kuhusu dawa za kusafisha kizazi, unga wa kunywa na vile vitu vya kuweka ukeni, nitasema kwa ufupi: kizazi cha mwenye PCOS si kichafu, na kukisafisha hakuligusi yai lililokwama kwenye ovari. Siwabezi wanaozitafuta. Sisi watu wa kaskazini tunakumbuka mwaka 2011, jinsi magari yalivyopanga foleni ndefu kuelekea Samunge, Loliondo, kwa ajili ya kikombe cha dawa ya Babu cha shilingi 500, na waliokuwa kwenye foleni ile walikuwa ndugu zetu wenye maumivu ya kweli. Ila mtu mwenye uchungu ndiye anayeuziwa kwa urahisi zaidi, na ninyi dada zangu mna uchungu.

Kwa sisi wa Moshi hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC, na aliyeko Arusha yuko umbali wa kilomita 80 hivi. Sisemi lazima uende huko. Ninachosema ni kwamba umtafute daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, popote alipo, badala ya kuzunguka maduka ya dawa. Wangu alianza kwa kuniuliza kuhusu hedhi tangu nilipovunja ungo, akaangalia kidevu changu, akaagiza vipimo vya damu vya homoni za kiume, vya tezi ya thairoidi iliyoko shingoni na vya prolaktini, homoni ya kutengeneza maziwa, kwa kuwa matatizo ya hizo mbili za mwisho nayo huvuruga hedhi na yana tiba zake tofauti. Akanieleza kwamba PCOS hutambuliwa mtu akiwa na mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi kwa dalili au kwa vipimo, na ovari zenye vifuko vingi. Picha ya utrasaundi peke yake haitoshi. Dada wa Sakina, picha uliyonitumia ni sehemu moja tu ya jibu.

Kisha akauliza, "Mumeo yuko wapi?" Nilipomjibu kwamba yuko kazini, akafunga faili na kusema hataandika dawa yoyote ya kupevusha yai mpaka mume apimwe mbegu, maana haiwezekani kuhangaika na yai wakati hujui kama kuna mbegu ya kulifikia. Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi mkubwa wa jinsi ya kuanza kulisema. Mume wangu alinyamaza siku kadhaa, halafu asubuhi moja akaniambia ameshaongea na watu wa maabara, ameelezwa akae bila tendo la ndoa siku mbili hadi saba kabla ya kutoa sampuli, na atakwenda. Majibu yake yalikuwa mazuri, lakini hata yangekuwa mabaya ningemheshimu vilevile. Wanaume mnaosoma hapa, kipimo chenu ni chepesi kuliko chochote tunachopitia sisi. Mwanamke anapimwa mirija kwa dawa inayopitishwa kwenye kizazi huku akipigwa eksirei, na inauma; mwanaume anakabidhiwa kikopo. Kumwacha mkeo azunguke hospitali peke yake, na Desemba akae peke yake na wasichana nyuma ya nyumba, ni kumwonea.

Dawa niliyoandikiwa ni letrozoli. Nilipoifuata duka la dawa mjini, mfamasia aliisoma karatasi, akanitazama kwa huruma na kuniuliza nani nyumbani anaumwa saratani. Ni kweli dawa hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya saratani ya matiti, na karatasi iliyomo ndani ya boksi inasema hivyo, kwa hiyo usishtuke ukiisoma. Inapunguza estrojeni, homoni ya kike, kwa muda, ubongo unaona pengo na kutuma homoni ya kukuza vifuko vya mayai, na kimojawapo kinapata nguvu ya kukomaa. Kwa kawaida humezwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha wanawake 750 wenye PCOS, ulionyesha kwamba asilimia 27.5 ya waliopewa letrozoli walijifungua, ikilinganishwa na asilimia 19.1 ya waliopewa klomifeni, dawa nyingine ya kupevusha yai ambayo ndiyo wengi wenu mnaijua. Ukizitazama namba hizo utaona kwamba hata dawa bora zaidi haikuwapa wote mtoto, na mimi mwenyewe sikushika mimba mara ya kwanza. Usiinunue bila daktari, kwa sababu anayekupa ndiye anayepaswa kuangalia kama imefanya kazi na kuongeza dozi isipofanya.

Kuangalia kama imefanya kazi ndiko watu wengi hawafanyiwi. Nakumbuka daktari akizungusha kile kifaa cha utrasaundi taratibu, akasimamisha picha, akaweka alama mbili kwenye duara jeusi lililokuwa kubwa kuliko mengine yote, na kwenye kona ya skrini ikaandikwa milimita 19. Akasema hicho kimekomaa. Kwa miaka yote niliyoambiwa nina uvimbe, sikuwahi kuonyeshwa kifuko kilichofika ukubwa huo. Vijiti vya kupima mkojo vinavyouzwa madukani sivitegemei, kwa kuwa wengi wenye PCOS homoni inayopimwa na vijiti hivyo iko juu muda mwingi, na kijiti kinaweza kusema ndiyo wakati yai halipo. Kalenda za kwenye simu nazo huhesabu kana kwamba mzunguko wako ni wa siku 28. Hata kipimo cha damu cha projesteroni, homoni inayopanda baada ya yai kutoka, ambacho watu hupimwa siku ya 21, kinapaswa kufanywa kama siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Mwenye mzunguko wa siku 40 akipimwa siku ya 21 ataambiwa yai halikutoka hata kama lilikuwa bado njiani.

Chakula na mwendo nao ni dawa, na hapa nitasema kwa ukali kidogo kwa sababu tunajidanganya. Nilikuwa na kilo 84, na nikaelezwa kwamba mwenye uzito uliozidi akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu, kwa wengi yai huanza kupevuka vizuri zaidi kwa kuwa insulini inashuka. Niliacha soda na sukari kwenye chai, nikapunguza wali, nikala makande yenye maharage mengi na mboga za majani, na nikaanza kupanda mlima kwa miguu mahali nilipokuwa napanda bodaboda. Ndizi sikuziacha, nilipunguza kiasi. Metfomini, dawa ya kuusaidia mwili kuitikia insulini, niliyopewa ilinisumbua tumbo mpaka nilipoanza na dozi ndogo na kuimeza pamoja na chakula. Wembamba msijione mmepona, kwani PCOS ipo kwa wembamba pia. Na wanene msikubali kuambiwa mpungue kwanza ndipo mhudumiwe, kana kwamba unene ni dhambi ya kutubiwa. Wote, wembamba kwa wanene, anzeni foliki asidi mikrogramu 400 kila siku kabla mimba haijaingia.

Dada wa Sakina, kwenye orodha yako nimeona dawa mbili za kusafisha kizazi, vidonge vya uzazi wa mpango na klomifeni uliyonunua mwenyewe, na sijaona popote kipimo cha mumeo. Anza hapo. Na Mungu akijalia mimba ikaingia, PCOS haiishii mlangoni mwa kliniki ya wajawazito, kwa sababu kisukari cha mimba na shinikizo la damu hutupata zaidi kuliko wengine. Mweleze mkunga tangu hudhurio la kwanza kwamba unayo, upimwe sukari mapema, na upimwe tena kati ya wiki ya 24 na ya 28 hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri.