Kampuni haijauza kitu, na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, tayari inadai ritani, yaani taarifa ya kodi

Wengi wanaopanda ngazi za ofisi yangu hapa Mwembe Tayari huja na cheti cha usajili mkononi, nyuso zimekunjuka. Nawapa hongera, kisha nauliza: barua pepe iliyo kwenye PIN ya kampuni, yaani namba yake ya mlipa kodi, ni ya nani? Kimya. Ni ya kijana wa saiba. Nywila ya iTax, mtandao wa kuwasilisha kodi, ilitumwa huko, arifa za KRA zinaenda huko huko, na kijana mwenyewe alishahamia Malindi. Fungueni barua pepe ya kampuni kabla hamjaingia eCitizen, tovuti ya serikali mnakosajilia kampuni.

Usajili wenyewe si kazi. Kila mkurugenzi awe na PIN yake na majina yafanane na kitambulisho. PIN ya kampuni hutoka pamoja na usajili.

Kazi iko kwenye aina za kodi. Wateja wangu wa kwanza walikuwa vijana wawili wauza viungo Marikiti. Kwa ugeni wangu niliona kampuni kamili ni ile iliyoandikishwa kila kitu, nikawatilia PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, ilhali hawakuwa na mwajiriwa hata mmoja. Ukishaandikishwa PAYE, ritani ni kila mwezi, mwisho tarehe 9 ya mwezi unaofuata, hata ikiwa ya sifuri. Hatukuwasilisha hata moja. Faini ya chini ni shilingi 10,000 kwa kila ritani. Zidisha kwa miezi kumi na miwili, na wenyewe bado wanapima iliki kwa robo kilo! Nusu ya deni lile nililipa mimi.

Basi PAYE ingojee mwajiriwa. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni lazima mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka. Kabla ya hapo ni hiari, na wapo wanaoitaka mapema kwa sababu wateja wao wakubwa wanaidai. Kodi ya mapato ya kampuni haikwepeki: mwaka wa hesabu ukiishia Disemba, ritani ni kufikia 30 Juni, umeuza hujauza.

Mkifungua akaunti, benki itataka CR12 ya karibuni, hati inayoorodhesha wakurugenzi na wenye hisa, na azimio la wakurugenzi la nani atatia sahihi. Liandikeni mkiwa bado mnapendana.

Halafu eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Tangu 1 Januari 2024, gharama isiyo na ankara ya eTIMS, isipokuwa zile chache zilizosamehewa, haitolewi kwenye mapato kabla ya kupigiwa kodi. Wale vijana wa viungo, siku hizi hata wakinunua mifuko ya kupakia bizari, hawaondoki dukani mpaka ankara itoke.