Maswali Yenu: Ati Ndege Mwenye Pete ni Jasusi?

SWALI: Salamu mhariri. Kakangu ni mvuvi huku Likoni, na juzi wavu wake ulinasa kitwitwi, mguuni ana kipete cha chuma chenye namba na maandishi madogomadogo. Jirani akasema huyo ni jasusi, mwengine akasema ni mambo ya kichawi atupwe baharini. Saa hii tumemfunikia kikapu. Tumfanye nini? – *Dada wa Likoni*

JIBU: Dadangu, huyo ndege aende zake leo leo. Ila kabla hujamwachilia, kaka amshike taratibu na wewe upige picha kipete pande zote manake maandishi yanazunguka mguu na picha moja haitoshi. Pete usiitoe. Andika namba, anwani iliyochorwa hapo, tarehe na mahali aliponaswa, halafu tuma Makumbusho ya Taifa kule Nairobi, kitengo cha ndege, hata kama pete ni ya nje. Basi.

Huo ujasusi si jirani yako peke yake, usimcheke sana. Mwaka 2013 mtu mmoja wa Qena, Misri, alimkamata korongo mwenye kidude mgongoni akampeleka polisi na polisi wakamweka ndani kweli, kumbe ni kifaa cha watafiti cha kufuatilia safari zake. Akaachiliwa, na baadaye habari zikaja kwamba wanakijiji wamemla.

Hiyo pete yenu haina betri wala mtambo wowote, ni chuma chepesi tu na namba ambayo hapewi ndege mwengine, watafiti wanamfunga ili wajue kasafiri mpaka wapi. Mtindo huu aliuanza mwalimu mmoja wa Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899, na mpaka leo namba peke yake haisemi kitu, lazima atokee mtu kama kakako aisome upande wa pili wa dunia. Wapo vitwitwi wenye mdomo uliopinda kidogo wanaozaliana Siberia kaskazini kabisa, huku kwetu wanaanza kuingia kama Agosti, Aprili wakikaribia kuondoka wanageuka rangi ya tofali. Sasa fikiria aliyemfunga pete labda yuko maelfu ya kilomita na jibu lake mumelifunikia kikapu Likoni.

SWALI: Niliona video ya kituo kimoja cha ndege pwani ya Uingereza, wanatega nyavu alfajiri halafu ndege anawekwa kwenye kimfuko cha kitambaa. Huo si ukatili? – *Msomaji, Kisauni*

JIBU: Mimi pia roho iliniuma mara ya kwanza kuona. Ila nyavu ni nyembamba mno na zina mikunjo, ndege anaingia anadondokea kwenye mkunjo na kutulia humo, na mvua ikinyesha au upepo ukizidi nyavu zinafungwa. Kimfuko kina kazi yake, kwenye giza ndege hatapitapi na hapo hapo anapimwa uzito. Pete inabanwa kwa koleo lenye tundu la saizi yake ili izunguke mguu bila kubana, halafu bawa linapimwa kwa rula. Linalonifurahisha ni la mwisho, anayempima anapuliza manyoya ya kifuani kama anayepoza chai, manyoya yanaachana, na chini ya ngozi unaona mafuta ya manjano. Ndiyo petroli ya safari hiyo, na wako wa ufukweni wanaokaribia kuongeza uzito maradufu kabla ya kuondoka. Mwenye mafuta kidogo bado yuko yuko, mwenye mengi usiku wowote huyo kaenda.

Ila usijaribu nyumbani na wavu wa samaki, kazi hii inataka mafunzo na kibali.

SWALI: Na sisi wa Mombasa tukitaka kuwaona bila kupanda ndege ya Ulaya? – *Baba wa watoto watatu, Tudor*

JIBU: Bwana, uko Tudor halafu unauliza? Shuka kwenye hori maji yakianza kupwa, simama na darubini, vitwitwi na sululu na yangeyange watakuja wenyewe. Wakati wa bamvua ndio tope linafunguka kubwa kubwa.

Ukitaka zaidi panda matatu ya Malindi ushuke Mida kabla ya Gede, kuna njia ya mbao katikati ya mikoko. Pale muulizie mla kaa, mweusi na mweupe, mdomo mnene mweusi, ambaye anataga yai lake moja ndani ya shimo la mchanga, jambo ambalo ndege wengine wa ufukweni hawafanyi. Huku haji kuzaa, anakuja kula tu.

Na kama una nauli ya bara, Ngulia, Tsavo Magharibi, wanafunga pete tangu 1969. Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi na ukungu umeshuka, taa za loji zinawavuta ndege wanaosafiri usiku kutoka Ulaya na Asia, na kukipambazuka kazi haiishi.

SWALI: Mbona hamuwafungi pete hawa kunguru wa Mji wa Kale wanaotupokonya sambusa? – *Mwenye kibanda*

JIBU: Kwani wanasafiri kwenda wapi hao, na sambusa ziko hapa? Walikotoka tushajua, Bara Hindi kupitia Unguja, na Mombasa wako tangu miaka ya 1940. Funika sinia.