Kuinua Land Cruiser Hardtop: Uzito Kwanza, Inchi Baadaye

SWALI: Nina Land Cruiser hardtop HZJ78 ya mwaka 2009, injini 1HZ, inayopeleka vifaa vya kambi na wapishi kutoka Karatu hadi Ndutu na Serengeti. Mwaka jana nilifunga ngao ya chuma na winchi mbele, na juu kuna keria. Sasa gari limelala mbele, likipakiwa linagonga vizuizi vya nyuma (mipira inayozuia ekseli isigonge chasisi), na shokapu hazimalizi msimu. Fundi mmoja ananishauri ninunue seti ya kuinua gari kwa inchi 4. Mwingine anasema niweke spesa, yaani vipande vya kujazia, juu ya springi za mbele na shekeli ndefu nyuma, na shekeli hizo nimeshazinunua. Nichague ipi kati ya njia hizi mbili? Je, tairi za 285/75R16 zitafaa? Msomaji, Karatu.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa nisingechagua njia yoyote kati ya hizo mbili, na nitakueleza sababu kwa kirefu kwa kuwa swali lako huletwa gerejini karibu kila msimu wa mvua unapokaribia. Dalili ulizotaja, yaani kulala mbele, kugonga vizuizi nyuma na kufa kwa shokapu mapema, ni dalili za gari linalobeba uzito ambao springi zake hazikuchaguliwa kuubeba. Ukiliinua bila kushughulikia uzito huo, litagonga vilevile, isipokuwa litakuwa limesimama juu zaidi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haifanyiki dukani. Lipakie gari kama linavyokwenda safari: matangi yote mawili yajae dizeli, maji, majiko na mahema yawe ndani, tairi za akiba ziwe mahali pake na watu waketi kwenye viti vyao. Kisha lipeleke kwenye mizani ya magari na upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Rudia kipimo hicho gari likiwa tupu. Watu wengi hushangaa wakiona matokeo, maana matangi mawili ya lita 90 kila moja pekee hubeba dizeli ya takriban kilo 150, na lita 60 za maji ni kilo 60 nyingine kabla hujaweka hata sufuria moja. Linganisha jumla na uzito wa juu unaoruhusiwa uliomo kwenye kitabu cha gari. Ikiwa umeuvuka, hakuna springi itakayokusaidia, kwa sababu breki, ekseli na chasisi hubaki zilezile hata ukifunga springi nene kiasi gani, na dawa yake ni kupunguza mzigo au kuongeza gari la pili.

Tuanze na mbele. HZJ78 ina ekseli nzima mbele, inayobebwa na springi mbili za koili na kushikwa na mikono miwili mirefu inayotoka kwenye chasisi, na ina fimbo ya Panhard ambayo kazi yake ni kuizuia ekseli isisogee kushoto wala kulia. Chukua mfano wa springi inayoshuka milimita 1 kwa kila kilo 3. Ngao na winchi vyenye kilo 100 vikigawanyika sawa, kila springi inaongezewa kilo 50 na gari linashuka takriban milimita 17. Kwa kweli hushuka zaidi ya hapo, kwa kuwa ngao imening'inia mbele ya ekseli na inafanya kazi kama mtoto aliyekaa mwisho wa pembea: ekseli ya mbele inakandamizwa kuliko uzito wa ngao yenyewe, huku ya nyuma ikipunguziwa kidogo. Watengenezaji wanaoaminika wa springi za aina hii, kama Old Man Emu ya Australia, huziorodhesha kwa uzito ulioongezwa: springi ya gari lisilo na ngao, ya lenye ngao, na ya lenye ngao pamoja na winchi. Wewe unahitaji hiyo ya tatu. Usikubali muuzaji akuambie kwamba zote ni sawa kwa sababu zote zimeandikwa kuwa zinainua milimita 50, kwani milimita hizo hupatikana tu pale uzito uliokusudiwa unapokuwepo. Springi ya winchi kwenye gari lisilo na winchi huliinua pua na kulifanya gumu kama mkokoteni, na springi nyepesi chini ya winchi haiinui chochote.

Spesa aliyopendekeza fundi wa pili haiongezi uwezo wa springi hata kidogo. Inachofanya ni kusogeza chasisi juu huku springi ikibaki ileile iliyochoka. Gurudumu nalo linakosa nafasi ya kushuka linapoingia shimoni, kwa sababu shokapu ya zamani inafika mwisho wa urefu wake mapema. Ukisikia mlio wa chuma kila unapovuka korongo dogo, mara nyingi ni shokapu inayovutwa hadi mwisho na kubeba uzito wa ekseli nzima, kazi ambayo haikuumbwa kuifanya.

Nyuma kuna springi za majani, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Shekeli ni vile vipande viwili vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chasisi. Kwa kuwa ncha ya pili haisogei, shekeli iliyoongezwa sentimita 4 huinua gari kwa takriban sentimita 2 tu, na pamoja na kuinua huko huigeuza ekseli kidogo, ndipo pua ya difu (boksi la gia lililo kwenye ekseli) inabadili pembe na propela, yaani shafti inayoipelekea nguvu, inaanza kutetemeka. Shekeli ndefu pia huyumba kwa ubavu zaidi kuliko fupi, jambo ambalo dereva wako atalihisi kwenye kona za kupanda ukingo wa Ngorongoro akiwa na keria iliyojaa. Kuhusu vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya springi na ekseli, ambavyo hukuvitaja lakini fundi huyohuyo huenda akavipendekeza kesho, navikataa kwa gari la mizigo, maana huongeza mkono ambao ekseli inautumia kuipinda springi kila dereva anapokanyaga mafuta au breki.

Seti kamili ya springi za majani yenye uwezo unaolingana na mzigo wako wa kudumu ndiyo njia sahihi. Sisitiza neno la kudumu. Gari likirudi tupu Karatu mara moja kwa wiki na kubaki limejaa siku nyingine zote, chagua springi ya mzigo mzito na uvumilie ugumu wa siku hiyo moja. Likishinda tupu na kubeba mara chache, chagua ya kati, la sivyo springi ngumu itakurusha na kupasua mikebe, taa na migongo ya wapishi. Kuongeza jani moja kwenye springi zako za zamani ni nafuu, na nimewahi kufanya hivyo kwa wateja wenye springi changa, lakini jani jipya likilazwa juu ya majani yaliyochoka hubeba mzigo karibu peke yake na hukatika kwanza.

Sasa inchi 4. Inchi 4 ni zaidi ya milimita 100, na kila kitu kilichounganisha ekseli na chasisi kilipimwa kwa kimo cha kiwandani. Ukiinua chasisi, mikono ya ekseli ya mbele inainama zaidi na kuizungusha ekseli, na hapo ndipo pembe ya kasta inapopotea. Kasta ni ule mlalo mdogo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, na ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona. Kama mkono una urefu wa milimita 900, kuinua milimita 50 huizungusha ekseli kwa takriban nyuzi 3, na kuinua milimita 100 huizungusha kwa zaidi ya nyuzi 6. Kasta yenyewe kwenye magari ya namna hii ni nyuzi chache tu, hivyo kwa inchi 4 inaweza kwisha kabisa na hata kugeuka upande wa pili. Gari lisilo na kasta hutangatanga kwenye lami, na dereva hushika usukani kama anayebembeleza mtumbwi. Kwa milimita 50 tatizo hilo hurekebishwa kwa bushi maalumu za mikono, yaani mipira ya kwenye viungo vyake, ambazo tundu lake halipo katikati. Kwa milimita 100 bushi peke yake hazitoshi, na itakubidi ununue mikono mipya iliyopindwa au mabamba ya kuihamisha.

Fimbo ya Panhard nayo husogeza ekseli upande mmoja kadiri inavyoinama. Kwa milimita 50 msogeo huwa ni milimita chache ambazo wengi hawazioni, ila kwa milimita 100 unaweza kuvuka sentimita 1 na kudai fimbo inayorefushwa. Mipira ya breki huwa mifupi. Ikiwa gari lako lina valvu ya breki za nyuma inayosoma mzigo kupitia fimbo iliyounganishwa na ekseli, chasisi ikipanda valvu itadhani gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma wakati ambapo umejaza mahema na maji. Kiungo hicho lazima kirekebishwe, na ni kitu ambacho mafundi wengi hukisahau kwa sababu gari hutoka gerejini likiwa tupu na kufunga breki vizuri.

Liko pia suala la kupinduka. Uthabiti wa gari kwa ubavu hupimwa kwa kugawanya upana kati ya tairi za kushoto na kulia kwa mara mbili ya kimo cha kitovu cha uzito. Tuseme upana ni milimita 1,500 na kitovu kiko milimita 800 kutoka ardhini, jibu ni 0.94. Kipandishe kitovu kwa milimita 50, linashuka hadi 0.88, na kwa milimita 100 linakuwa 0.83. Wewe tayari una keria. Mtungi wa gesi na tairi ya akiba vilivyo juu ya paa vikihamishiwa ndani utapata uthabiti ambao hakuna shokapu inayouzwa, na hautakugharimu chochote. Kwa magari ya watalii yaliyorefushwa na kuwekewa paa linaloinuka, kama yale yanayotengenezwa hapa Arusha, huwa nakuwa mkali zaidi katika jambo hili.

Shokapu zichaguliwe baada ya springi, kwa urefu na kwa joto. Urefu wake uwe unaruhusu gurudumu kushuka hadi mwisho bila shokapu kuvutwa, na likipanda hadi mwisho, mpira wa kizuizi uguse kabla shokapu haijafunga. Kuhusu joto, barabara ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi inajulikana kwa mawimbi yake, na kila wimbi hugeuzwa kuwa joto ndani ya mafuta ya shokapu. Mafuta yakichanganyika na hewa hutoa povu, na shokapu huacha kufanya kazi hata kama haijavuja tone. Kwa kazi yako tafuta shokapu yenye kipenyo kikubwa na gesi ndani yake. Ile ya bomba moja hupoa haraka zaidi, lakini jiwe likilibonyeza bomba lake pistoni hukwama. Ile ya mabomba mawili huvumilia mapigo ya mawe. Kwa mizigo yako na mawe yetu mimi hufunga ya mabomba mawili iliyo nene, ingawa wenzangu kadhaa hawakubaliani nami. Nunua kwa mtu atakayekupa risiti na namba ya sehemu inayolingana na HZJ78, kwani shokapu bandia za rangi nzuri ni nyingi, na nilishawahi kukata moja iliyoletwa na mteja nikaikuta na mafuta yasiyojaza kikombe.

Tairi za 285/75R16 zina kipenyo cha takriban milimita 834, wakati 265/75R16 zina takriban 804. Tofauti ni milimita 30, na nusu yake, milimita 15, ndiyo inayoinua ekseli. Hili ni jambo ambalo wengi hawalitambui: springi huinua chasisi tu, bali difu hubaki palepale, na kwenye tope jeusi la Ndutu difu ndiyo inayolima kwanza. Hata hivyo nisingekushauri tairi hizo. Zinahitaji rimu yenye upana wa angalau inchi 7.5, huku rimu nyembamba zilizokuja na tairi za 7.50R16 hazizifai kabisa, na uzito wake huongeza kazi ya breki, fani na boksi la usukani. Tairi za 7.50R16 au 265/75R16 kwenye rimu zinazostahili, zenye uwezo wa mzigo uliouona kwenye mizani, zinakutosha.

Ushauri wangu kwa ujumla wa vifaa ni springi za mbele za ngao na winchi zinazoinua milimita 40 hadi 50, springi za majani za nyuma za mzigo wako wa kudumu, bushi mpya pande zote zikiwemo za kurekebisha kasta, shokapu nne za urefu unaolingana, na yu-bolti mpya, zile zinazobana springi za majani kwenye ekseli. Za zamani zimeshavutika na hazifai kurudishwa. Kabla ya hayo yote fundi akague fani za vifundo vya mbele, tairodi na bushi za Panhard, maana gari likitetemeka usukani baada ya kuinuliwa, lawama huangukia springi ilhali kosa lilikuwepo tangu zamani.

Mwambie fundi jambo moja zaidi: bolti zinazopita kwenye bushi za mpira zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa juu ya jeki, mpira hujisokota lishushwapo na kuchanika ndani ya miezi michache. Kabla ya kufungua chochote pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, uandike. Pima tena baada ya kazi, na tena baada ya kilomita 1,000, wakati springi zitakuwa zimekaa na yu-bolti zinapaswa kukazwa upya. Siku hiyohiyo kasta ipimwe kwa mashine.

Shekeli ulizonunua zirudishe dukani ikiwa bado zina risiti, na fedha yake iongeze kwenye shokapu.