Maswali Yenu: Sauti Mpya kwa Gemu za DOS

Msomaji, Pasua, Moshi: Wataalamu, habari za kazi. Nimepakua benki ya sauti ya SoundFont (faili lenye sauti za ala), nikaiweka kwenye folda ya gemu ya Doom ndani ya DOSBox, programu ya kuchezea gemu za mfumo wa zamani wa DOS kwenye kompyuta za sasa. Muziki ni uleule, kama mlio wa simu ya tochi. Nimekosea wapi?

Nzuri, ndugu. Faili umeliweka mahali ambapo hakuna anayelitafuta. Doom haijui SoundFont ni kitu gani. Muziki wake ni maelekezo matupu: piga noti hii, kwa ala namba fulani, kwa muda huu. Karatasi hiyohiyo ukiwapa matarumbeta ya harusi inatoka kivingine kuliko ikipigwa kwa kinanda cha kanisani. Wa kuisoma benki ya sauti si gemu, ni DOSBox. Na DOSBox ya kawaida haiisomi, inaurusha muziki kwa Windows na kunawa mikono.

Njia fupi ni DOSBox Staging, toleo jingine la DOSBox linaloisoma SoundFont. Benki tunayoipendelea ni GeneralUser GS: takriban MB 30, haitamaliza bando kama FluidR3 yenye MB 140 hivi, na kwa gemu nyingi hutasikia tofauti ya kulipia. Faili la benki (.sf2) liweke kwenye folda iitwayo soundfonts iliyo pamoja na faili la mipangilio. Fungua mipangilio: sehemu ya midi andika mididevice = fluidsynth; sehemu ya fluidsynth andika soundfont = kisha jina zima la faili. Washa DOSBox, andika MIXER /LISTMIDI. Jina lisipotokea hapo usiendelee, rudi ukaangalie tahajia.

Inayofuata ndiyo hatua ambayo wengi wanairuka. Endesha SETUP.EXE ya Doom. Kadi ya muziki: General MIDI (orodha ya pamoja ya namba za ala), mlango 330. Kadi ya milio: Sound Blaster, mlango 220, na namba za IRQ na DMA (njia ambazo kadi inawasiliana na kompyuta) zilezile utakazoziona ukiandika SET na kusoma mstari wa BLASTER. Ukichagua Sound Blaster pande zote mbili, muziki unapigwa na chipu ya FM, inayojitungia sauti yenyewe, na benki yako haiguswi. Hiyo ndiyo simu yako ya tochi.

Msomaji, Sakina, Arusha: Gemu ya King's Quest IV ya kampuni ya Sierra nimeichagulia Roland MT-32 (kifaa cha zamani cha kupigia muziki), nina benki nzuri ya General MIDI, lakini ala zimechanganyikana ovyo. Benki ni mbovu?

Benki ni nzima. MT-32 ilitoka 1987 na gemu yako 1988. Orodha ya General MIDI ilikuja 1991. Namba za ala hazilingani, kwa hiyo gemu inaomba ala moja na benki inatoa nyingine. Zaidi ya hapo, gemu za Sierra za wakati huo zina sauti zao za kutengenezwa, zinazokaa kwenye faili la PATCH.001 na kupakiwa ndani ya MT-32 gemu inapoanza. SoundFont haina pa kuzipokelea.

Weka mididevice = mt32. Utahitaji ROM mbili (nakala za kumbukumbu ya ndani) za kifaa hicho, ya udhibiti yenye KB 64 na ya sauti yenye KB 512, kwenye folda ya mt32-roms. Ni mali ya Roland, ndiyo maana haziji na programu. Gemu ikikaa kimya sekunde kadhaa mwanzoni, iache: inapakia sauti zake.

Msomaji, Njiro, Arusha: Nataka kengele ya mbuzi ilie ninapookota vitu kwenye Doom, na bastola itoe honi ya daladala. Naanzia wapi?

Kengele ni wazo zuri. Honi utaijutia: mlio wa bastola, DSPISTOL, ndio huohuo unaotumiwa na bunduki ya mfululizo na askari maiti wenye bunduki, kwa hiyo ukumbi mzima utageuka stendi. Ukishikilia, ifanye fupi, chini ya nusu sekunde. Kila risasi mpya inaukata mlio uliotangulia.

Rekodi kwa simu, ingiza kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), kata ukimya wa mwanzo (hata robo sekunde inafanya kengele ilie umeshapita). Geuza iwe mono, hezi 11025, toa WAV ya biti 8 isiyo na alama (unsigned). Kwenye SLADE, programu ya kuhariri mafaili ya Doom, fungua WAD mpya (faili linalobeba sauti na picha za gemu), ingiza faili, ligeuze kuwa sauti ya Doom, liite DSITEMUP. Hifadhi kwa jina lisilozidi herufi 8, kisha:

DOOM -FILE MBUZI.WAD

Usiguse DOOM.WAD yenyewe. Na kama unayo Doom ile ya bure yenye sehemu moja tu, itaikataa -FILE na kukwambia ukanunue kamili. Hapo WAD yako haina kosa.

Msomaji, Kiboriloni, Moshi: Nina kompyuta ya zamani ya Pentium yenye kadi ya sauti ya Sound Blaster 16 halisi. Milio inakatika, gemu inaganda.

Mara nyingi ni IRQ 7, ambayo mlango wa printa nao huidai. Hamia 5, na kwenye AUTOEXEC.BAT andika:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5 P330 T6

Mstari huo hauibadilishi kadi, unaitangaza tu kwa gemu. Kadi yenyewe ibadilishe kwa jampa (vipini vidogo vilivyo juu yake) au kwa programu iliyokuja nayo, kisha rudia SETUP ya kila gemu.